Chai ya Sirari: Ziara za Vijana kati ya Kehancha na Tarime



Naomba nianze na kikombe cha chai. Kijana wa hapa Kehancha akivuka mpaka pale Isebania, akaingia Sirari upande wa Tanzania na kukaa kwenye benchi la mama ntilie, husema, "Nipe chai." Hakukosea neno, hivyo ndivyo tunavyoagiza huku kwetu. Lakini mama atamtazama kidogo kabla ya kumimina. Upande ule mtu huomba: "Naomba chai." Na kabla ya kuomba, kama mwenye chai amemzidi umri, huamkia: "Shikamoo." Kijana hunywa chai yake akihisi kuna mahali amekosa adabu, asijue ni wapi. Mama naye hubaki na lake, kwamba Wakenya ni wakali. Wangeacha Kiswahili wakaongea Igikuria, lugha yetu Wakuria, huenda wangegundua kuwa ni wa ukoo mmoja.

Tukisikia habari ya vijana kubadilishana kati ya nchi na nchi, wengi wetu huwaza ndege. Nasi wa pande hizi tuna sababu. Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga kule Homa Bay, ndiye aliyehangaikia safari za wanafunzi kwenda Marekani, na mnamo Septemba 1959 ndege ya kwanza iliwabeba vijana 81. Heshima ile siipunguzi hata chembe. Ninachosema ni kwamba kijana wa Kuria anayetaka kujua yeye ni nani na ni nini kilichomfanya awe hivyo, shule yake kubwa iko Tarime, na nauli yake ni ya bodaboda.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili kwa mstari unaoanzia Ziwa Viktoria, kwenye digrii moja kusini ya ikweta, ukaelekea Kilimanjaro. Mstari huo haukuuliza boma ni la nani. Abanyabasi, mojawapo ya koo zetu, wako huku na kule, Abairege vilevile. Na majirani zetu Wajaluo wana jamaa zao Rorya, upande wa Tanzania. Watu waliendelea kuoana na kuzikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka, nao haukufunguliwa hadi 1983. Miaka ile sita, mtu aliyetaka kumzika shangazi yake alipita njia za panya. Wazee walio humu ukumbini wanaikumbuka vizuri kuliko mimi, na ningefurahi vijana wakiwauliza leo kabla hatujatawanyika.

Basi kama damu ni moja, tofauti imetoka wapi? Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyaita "tabia za Watanzania" na "tabia za Wakenya" haikutoka kwa mababu. Imeletwa na serikali mbili, shule mbili na sheria mbili, katika muda usiozidi umri wa mzee mmoja.

Chukueni neno balozi. Mwulize kijana wetu balozi wake ni nani, atafikiri unamtania, maana balozi kwake ni mtu wa gari lenye bendera jijini Nairobi. Mwenzake wa Tarime atakutajia jina la jirani yake, balozi wa nyumba kumi. Huku mamlaka ya karibu ni chifu. Kule machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, na mwananchi hukutana na mwenyekiti wa kijiji. Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Mkuria wa Kenya hutafuta hati ya shamba lake. Mkuria wa Tanzania anaishi chini ya sheria isemayo kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ndugu wawili wa ukoo mmoja: huyu anamwogopa dalali, yule anauogopa mkutano wa kijiji. Kijana akishalielewa hilo akiwa amekaa barazani kwa mwenzake, hatasema tena kwamba Watanzania ni wapole kwa kuzaliwa.

Kuelewa huko hakupatikani kwenye tamasha. Tunalo JAMAFEST, tamasha la sanaa na utamaduni la Afrika Mashariki, lililoanzia Kigali mwaka 2013, kisha Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Ni jambo jema. Lakini jukwaani kila kundi husimama chini ya bendera yake. Ritungu letu lenye nyuzi nane linaweza kupanda jukwaa moja mara mbili, mara ya kwanza kama ngoma ya Kenya na ya pili kama ngoma ya Tanzania, na watazamaji wakapiga makofi mara mbili bila kujua kuwa wamesikia kitu kimoja.

Wengine wamekwenda mbali kuliko tamasha. Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana vita vitatu katika miaka 75, zilianzisha ofisi ya pamoja ya vijana mwaka 1963, na serikali zote mbili zinaichangia. Imekwisha kupitisha vijana zaidi ya milioni tisa. Sisi ambao hatujawahi kupigana vita vya namna hiyo tungeshindwa na nini?

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko ofisi. Kijana alale nyumbani kwa mwenzake, si hotelini, na akae wiki mbili au zaidi. Siku tatu za kwanza ni za heshima tu: mgeni anapikiwa kuku, hakosolewi. Kuanzia wiki ya pili anapewa jembe, anatumwa maji, anaambiwa amekosea. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Sasa nifike pagumu. Likizo ndefu za shule zetu ni Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Za Tanzania ni Juni na Desemba. Likizo ndefu inayokutana ni moja tu, Desemba, na kila Mkuria anajua Desemba ni mwezi wa nini. Ndio msimu wa saro, ambapo wasichana hukeketwa, na mpaka huu umetumika kuwaficha. Sheria ya Kenya ya 2011 inamkataza mtu kumvusha msichana ili akakeketwe ng'ambo, na inamlinda mwanamke wa umri wowote. Sheria ya Tanzania ya 1998 inamtaja aliye chini ya miaka 18. Msichana wa miaka 19 akivuka kizuizi cha Sirari, kinga yake inabadilika njiani.

Kwa hiyo wapo watakaosema ziara za Desemba zisahaulike. Mimi nasema zifanyike, na wasichana waende, kwa sababu tukiwaacha wavulana peke yao wavuke tutakuwa tumewaambia dada zao kwamba ulimwengu si wao. Lakini nyumba zitakazopokea ziwe za wazazi waliotangaza hadharani kwamba binti zao hawakeketwi. Orodha ya majina ya watakaovuka iandikwe nakala mbili. Moja akae nayo chifu wa Kehancha, nyingine akae nayo mwenyekiti wa kijiji upande wa Tarime, na kila mmoja atie sahihi kwenye nakala ya mwenzake. Watoto wahesabiwe kwa majina siku ya kuvuka na siku ya kurudi, pale pale kizuizini, wazazi wa pande zote mbili wakiwa wamesimama wanasikia.

Rasimu ya orodha hiyo iko mezani kwa katibu. Nafasi za mwanzo ni ishirini, kumi huku na kumi kule.