Daftari Letu Liko Mikononi mwa Nani? Juu ya Kununua Programu, Kuikodi, au Kutumia Iliyo Huria
(Maneno ya Ofisi ya Katibu katika mkutano wa sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumeombwa tuseme habari ya daftari. Wasemaji waliotutangulia wameeleza habari za kahawa, za barabara na za ghala jipya, mambo ambayo kila mtu huyaona kwa macho yake. Habari yetu sisi haionekani. Imo ndani ya kompyuta tatu zilizo katika chumba cha nyuma cha ofisi, na nyingine tano zilizo katika vyama vya msingi; na wengi wenu chumba kile cha nyuma mmekifikia mara moja tu, siku ile mlipokuja kuuliza kwa nini hamjalipwa. Nasi twaanza na siku hiyo hiyo, kwani haifai kuificha.

Ilikuwa mwezi wa Septemba mwaka 2021. Wakati ule tulikuwa tukitumia programu ya hesabu ya kukodi. Programu yenyewe, pamoja na majina yenu, kilo zenu na madeni yenu ya mbolea, vilikaa katika mashine za kampuni moja iliyo mbali sana na hapa, nasi tukilipa ada kila mwezi kwa kadi ya benki. Kadi ile muda wake ulikwisha, wala hatukuangalia. Barua ya kutuonya ilipelekwa kwa karani aliyekuwa amekwisha acha kazi. Basi asubuhi ya siku ya malipo tulifungua mashine tukakuta maneno machache tu, kwamba huduma yetu imesimamishwa. Kahawa ilikuwa ghalani, fedha zilikuwa benki, na wakulima walikuwa mlangoni. Kilichokosekana ni orodha ya nani adai kiasi gani.

Ilitupasa kurudia stakabadhi za karatasi, moja moja, na kuziandika upya kwa mkono, mchana na usiku, kwa muda wa siku nne. Katika siku hizo nne wako wenzetu waliouza kahawa iliyobaki nyumbani kwa walanguzi, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada za shule hazingojei. Hatuwalaumu hata kidogo. Kosa la kadi lilikuwa letu, nasi tulilikiri mbele ya mkutano mkuu. Lakini lililotuuma zaidi ya kosa lenyewe ni kujua kwamba daftari la wakulima liliweza kufungwa na mtu asiyetujua, asiyejua kwamba ni siku ya malipo, na ambaye wala hakutukosea, maana mkataba ulimruhusu.

Tangu hapo twasema kwamba kuchagua programu si kazi ya fundi peke yake. Ni kazi ya mkutano.

Wengine mtauliza: kwani hatukununua programu tangu mwanzo, ikawa mali yetu? Tulinunua. Mwaka 2015, Chama kilipoanza, tulinunua programu katika kisahani, pamoja na namba ya siri ya kuifungulia, tukalipa mara moja. Ilitutumikia vizuri, nasi hatuna neno baya la kuisema ila moja. Anunuaye programu ya namna hiyo hanunui programu yenyewe, hununua ruhusa ya kuitumia kama ilivyo. Ndani haruhusiwi kuingia. Programu yetu ilikaa juu ya Windows 7, na Windows 7 iliachwa kutunzwa na wenyewe tarehe 14 Januari 2020. Mashine ile ya zamani ilipokufa, programu ilikataa kufanya kazi katika mashine mpya, na muuzaji akatujibu kwamba siku hizi hauzi tena, hukodisha tu. Ndivyo tulivyoingia katika kukodi, si kwa kupenda.

Nalo si jambo la muuzaji wetu peke yake. Kampuni ya Adobe ya Marekani ilitangaza mwaka 2013 kwamba programu zake kubwa za kuchora na kupanga vitabu hazitatolewa matoleo mapya ya kununua, ila ya kulipia kwa muda. Microsoft ingali inauza Office ya kulipia mara moja, na toleo la 2024 lipo; lakini wenye Office ya 2016 na ya 2019 waliachwa pamoja siku moja, tarehe 14 Oktoba 2025. Kitu kilichonunuliwa hakinyang'anywi, ni kweli; huachwa kizeeke.

Sasa tuifanyie haki programu ya kukodi, maana hapa ukumbini wako wanaoipenda, nao wana sababu. Ni kama trekta la kukodi. Huhitaji fedha nyingi siku ya kwanza. Likiharibika, mwenyewe hulitengeneza. Sheria ya kodi ikibadilika, mwenyewe hubadilisha hesabu zake nawe huamki usiku. Kwa chama kisicho na fundi hata mmoja, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini trekta likiondoka shambani haliondoki na mavuno yako. Programu ya kukodi huweza kuondoka nayo.

Tena kuna hesabu ya miaka. Tuchukue mfano wa ada ya shilingi 25,000 kwa mwezi kwa kila mashine. Husikika kuwa ndogo. Kwa mashine zetu 8 ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi kama hii tunayoisherehekea leo ni shilingi 24,000,000, ikiwa bei haikupanda. Na mwisho wa miaka hiyo kumi, ukiacha kulipa mwezi mmoja, huna kitu.

Njia ya tatu ndiyo programu huria, ambayo msimbo wake wa chanzo, yaani maandishi yenyewe ya watungaji, huwekwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na kuwapa wengine. Jambo hili lina historia. Mwaka 1983 Mmarekani aitwaye Richard Stallman alitangaza nia ya kutunga programu za namna hiyo, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL, ambayo yasema hivi kwa ufupi: ukiitengeneza kazi hii na kuitoa kwa watu, nawe huna ruhusa ya kuwafungia mlango. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kazi iliyokuja kuitwa Linux. Wanaushirika hatuna haja ya kushangaa. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walishika wazo la jamaa hilo hilo, kwamba kitu kinachowalisha wengi kiwe cha wengi na hesabu yake ionekane.

Wala mambo hayo si ya ng'ambo tu. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno yote ya Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya mtu. Msimbo ulikuwa wazi, nao wakatafsiri. Na taarifa za zahanati na hospitali zetu, kama zile za Kenya, hukusanywa kwa programu huria iitwayo DHIS2, ambayo kiini chake kiko Chuo Kikuu cha Oslo.

Basi mwaka 2022 tulihamia ERPNext, programu huria ya hesabu na ghala iliyotungwa Mumbai, India, na yenye leseni ya GPL. Hatukulipa senti kwa programu yenyewe. Tulifurahi mno, tukajisifu mno, na hapo ndipo tulipokosea kwa mara ya pili.

Programu huria si programu isiyo na gharama. Kijana aliyetuwekea mambo yote alikuwa hodari, nasi tulimwachia yeye peke yake. Mwaka uliofuata alipata kazi Dar es Salaam, akaenda zake kwa heri. Baada ya miezi miwili diski ya seva ikafa. Nakala za akiba tulikuwa nazo, maana aliziweka kwa uangalifu. Hapakuwa na mtu ajuaye kuzirudisha. Tulimwita fundi kutoka mjini, tukamlipa nauli, malazi na ujira, nasi tukakaa siku sita tukimtazama akifanya kazi ambayo karani wetu angeweza kuifanya kama angefundishwa. Kwa bahati haikuwa siku ya malipo. Tofauti na mwaka 2021 ilikuwa moja, nayo ni kubwa: hapakuwa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kutukataza. Tulizuiwa na ujinga wetu, na ujinga una dawa.

Twaona inafaa kusema pia kwamba programu huria nayo yaweza kukodishwa. Watungaji wa ERPNext wenyewe hukubali kukutunzia katika mashine zao kwa ada. Chama kichanga kingefanya vema kuanza hivyo. Ukichoka nao, wachukua daftari lako pamoja na programu ile ile, waviweka katika mashine yako. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa kila muuzaji si bei. Twamwuliza: siku tutakapogombana, daftari litabaki kwa nani, nalo litatoka katika maandishi yasomwayo na kompyuta yoyote? Anayejibu kwa kuzungukazunguka tumekwisha mwelewa.

Na siku hizi swali hilo lina nguvu ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, yatuwajibisha sisi Chama juu ya majina, simu na namba za benki za wanachama, na yaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi.

Wala hatufanyi dini ya jambo hili. Ujumbe wa simu mnaoupata kahawa ikipimwa twaukodi, kwani hatuwezi kujenga mnara wa simu. Na mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika hauna uchaguzi. Twautumia kama tulivyoagizwa.

Bwana Mwenyekiti, sasa twafikia jambo lililotufanya tuombe nafasi hii. Katika makisio ya mwaka ujao limo fungu la shilingi 3,600,000 la kuwafundisha makarani watatu, wawili wao kutoka vyama vya msingi, kazi ya kutunza seva na kurudisha nakala. Tumesikia kwamba wajumbe kadhaa watapendekeza lifutwe, ati programu ni ya bure, fedha za nini? Twawaheshimu, lakini twawapinga. Fungu hilo ndilo bei ya programu huria. Tukilifuta, ni afadhali turudi katika kukodi kesho asubuhi, kwa sababu mwenye kukodi walau ana fundi wa mtu mwingine. Sisi tutakuwa hatuna wetu wala wa wenzetu. Na wafundishwe watatu, asiwe mmoja, ili mmoja akipata kazi bora tumpe mkono bila hofu.

Mpaka wakati huo, kila Ijumaa jioni nakala mbili huandikwa, moja ikakaa ofisini na nyingine katika sanduku la chuma la chama cha msingi kilicho mbali kuliko vyote. Kila baada ya miezi mitatu tunaichukua nakala moja na kuirudisha katika mashine kuukuu, mbele ya mjumbe wa Bodi. Mara ya kwanza tulishindwa. Mara ya mwisho kazi ilikwisha kwa saa tatu na dakika ishirini.

Orodha ya msimu huu tumeichapa katika karatasi, nayo imebandikwa ukutani karibu na mlango wa kutokea, kwa mpango wa vyama na alfabeti ya majina. Twaomba kila mmoja aangalie kilo zake kabla hajapanda gari, na penye kosa atuone hapa hapa, kwani mashine iko wazi.