Shokapu na Bushi za Motokaa ya Zamani

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za vitu viwili vilivyofichika chini ya motokaa, navyo ni shokapu na bushi. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kumpa abiria raha tu. Sivyo, kazi yake kubwa ni kulinda roho za watu.

Katika nchi nyingine motokaa ya zamani hufunikwa nguo, ikatolewa siku ya maonyesho. Kwetu Mwese, katika milima ya Mkoa wa Katavi, motokaa ya zamani hufanya kazi. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na zile za namna ya kale, zenye springi za pleti mbele na nyuma, ziliendelea kutengenezwa hata mwaka 1985. Motokaa ya umri huo ikipakia mahindi, na juu ya mahindi wakapanda watu, yafaa tujue hali ya miguu yake.

Springi ndiyo ichukuayo mzigo. Gurudumu likipiga jiwe springi hujikunja, kisha hujikunjua, na isipotulizwa itaendelea kurukaruka. Mtulizaji wake ni shokapu. Hilo ni bomba lenye mafuta, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo. Mtu aliyezama majini hata kifuani hawezi kukimbia, kwa kuwa maji humzuia. Vivyo hivyo mafuta huizuia pistoni, na nguvu ya kuruka hugeuka kuwa joto. Mafuta yakivuja, gurudumu hurukaruka lipendavyo. Nalo gurudumu lililo hewani halishiki ardhi: dereva hukanyaga breki, motokaa isitii, huzungusha usukani, isigeuke. Fikirini jambo hilo mteremkoni, penye kona.

Bushi ni mpira uliotiwa kati ya bomba mbili fupi za chuma, nayo hukaa katika matundu ya ncha za springi. Shokapu nayo ina mipira yake pale inapofungiwa. Mpira huo ni kama gegedu la goti. Ukilika, chuma hugonga chuma, tundu hupanuka, ekseli husogea mahali pake, na motokaa huyumba njiani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kupima si kazi ngumu. Kandamizeni pembe moja ya motokaa kwa nguvu, mkaiachie. Ikipanda na kutulia, ni nzuri. Ikicheza mara mbili tatu, shokapu imechoka. Tena, baada ya safari ya njia mbaya, sogezeni mkono kwa hadhari: shokapu iliyo baridi kati ya wenzake wenye joto haifanyi kazi.

Sasa kazi yenyewe. Simamisheni motokaa mahali tambarare, zuieni magurudumu kwa mawe, kisha mwinue chesisi na kuilaza juu ya magogo imara. Mtu asiingie chini ya motokaa inayoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki na ishike ekseli, isije ikaanguka springi ifunguliwapo.

Bushi ya zamani isukumeni nje kwa kipande cha bomba kilicho sawa na upana wake. Ikikataa, kateni ganda lake kwa msumeno wa chuma, bila kuumiza tundu. Msiichome moto, maana moto huharibu ugumu wa chuma cha springi. Bushi mpya sukumeni kwa ganda la nje, wala si kwa mpira. Pakeni maji ya sabuni, wala si grisi, kwa sababu mafuta hula mpira.

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto kwa ekseli ile ile, ili motokaa isielemee upande mmoja. Kabla ya kuifunga shokapu ya mafuta, isimamisheni wima, mwivute na kuisukuma mara kadhaa mpaka hewa itoke.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Msikaze kabisa bolti za bushi za springi wakati magurudumu yananing'inia. Fungeni kidogo tu, shusheni motokaa mpaka isimame kwa uzito wake, ndipo mkaze. Mpira umeshikamana na chuma. Ukikazwa hali springi imelegea, motokaa ishukapo mpira husokotwa, ukakaa hivyo usiku na mchana, hata ukachanika. Ndiyo maana huonekana bushi mpya zikafa upesi, na watu wakalaumu duka. Baada ya siku chache za safari, angalieni tena kama bolti zimelegea.

Ninyi msio na motokaa, msidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Anayepanda naye anayo haki ya kufika salama. Mkisikia chini panagonga kila shimo, na nyuma panarukaruka hata penye njia nzuri, mwambieni dereva kwa heshima, kabla hajaanza mteremko. Bushi ni kitu kidogo. Maisha ya abiria wake hayana bei.