Biashara ya Mtandaoni: Kwa Nini Tulibaki na Kanga

Hotuba ya kikundi cha kina mama na vijana katika sherehe ya Sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba



Kamati imetuomba tuzungumze juu ya biashara ya mtandaoni, na hasa namna ya kuchagua bidhaa inayolipa. Tumekubali kwa sababu tumeshapoteza fedha katika jambo hili, na fedha zenyewe zilikuwa za upatu. Wengi wenu mnajua fedha ya upatu ni nini katika nyumba zetu hapa Uingereza. Ni nauli ya kwenda kuzika nyumbani, ni ada ya mtoto, ni malipo ya kwanza ya nyumba ya kupanga. Anayeipoteza hapotezi yake peke yake.

Tulianza hivi. Kina mama 12 tulikubaliana kuweka pauni 100 kila mmoja, zikawa pauni 1,200. Vijana wetu wakafungua duka la mtandaoni, wakapiga picha nzuri, nasi tukajaza bidhaa: vitenge, shanga, vinyago, vikapu, batiki, kahawa, viungo vya pilau, mafuta ya nazi na kanga. Zilifika aina 43. Tulipoulizwa wateja wetu ni akina nani, tulijibu, "Watu wote wanaopenda vitu vya Afrika." Siku ile jibu hilo lilitufurahisha, kwa sababu tulidhani soko kubwa ndilo lenye fedha nyingi.

Miezi saba ikapita. Tulipata oda 31 tu. Kinyago kimoja kilifika kwa mteja kikiwa na sikio moja. Vikapu vilikuwa vyepesi kwenye mizani lakini vikubwa kwenye boksi, na nauli ya posta ikala faida yote. Viungo navyo havikuuzwa hata pakiti moja: baada ya kuviagiza ndipo tulipojua kwamba anayeuza chakula, hata akiwa nyumbani kwake, anatakiwa kujiandikisha kwenye halmashauri ya mji siku 28 kabla ya kuanza. Pilau tulikula wenyewe mwaka mzima. Tulipohesabu, mkononi zilibaki pauni 380, na chumba cha mama mmoja kilikuwa hakiingiliki kwa vikapu.

Katika kipindi hichohicho tulifanya kosa ambalo hadi leo linatuonesha uso. Bibi harusi mmoja aliagiza kanga ya kumpelekea mama mkwe wake. Vijana wetu waliozaliwa hapa walimchagulia nyekundu yenye maua, wakaikunja vizuri, wakafunga na utepe. Maandishi waliyaona kama pambo tu la upindoni. Kumbe kanga ile jina lake lilikuwa "Hasidi hana sababu". Mama mkwe alisoma jina kabla ya kuona maua. Simu tuliyopigiwa usiku ule hatutaieleza hapa mbele ya watoto.

Tuliomba radhi, tukapeleka nyingine kwa gharama yetu, yenye jina "Nani kama mama", pamoja na barua ya kumweleza mama kwamba kosa ni letu na siyo la mkwewe. Baada ya wiki mbili bibi harusi akatuandikia tena. Hakutaka kurudishiwa fedha. Aliuliza kama tunaweza kumchagulia jina la kanga ya shangazi yake aliyemlea.

Ujumbe huo ulitufanya tuchukue daftari la oda tulisome upya. Kati ya oda 31, oda 19 zilikuwa na kanga ndani yake. Kati ya hizo 19, wateja 14 walikuwa wametuuliza maana ya jina, au wametueleza kanga ni ya nani na ya shughuli gani. Kwenye shanga na vinyago hakuna aliyetuuliza lolote isipokuwa bei. Jibu la soko letu lilikuwa ndani ya daftari miezi yote ile, nasi tulikuwa tunahangaika kulipia matangazo ya vikapu.

Watoto wetu, hapa tuwaeleze kidogo. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na juu ya pindo la chini kuna jina. Huko Mombasa, jamii ya wafanyabiashara wa kanga zenye alama "Mali ya Abdulla" imekuwa katika kazi hiyo tangu karne ya 19. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakawa ya Kilatini. Mwanamke anaweza kumpa mwenzake kanga ikasema jambo ambalo mdomo wake hauthubutu. Kitambaa cha maua kinapatikana popote, tena kwa bei ambayo sisi hatuiwezi. Lakini muuzaji mkubwa mwenye maghala hawezi kumwambia mteja ni jina lipi linamfaa mama mkwe, lipi la wifi, lipi la rafiki aliyejifungua, na lipi lisipelekwe kabisa. Bibi zetu wanajua. Sisi tunajua kiasi, na tusipojua tunapiga simu nyumbani kuuliza.

Basi tukaondoa aina 42, tukabaki na moja. Halafu tukaipunguza tena: siyo kanga kwa kila mtu, bali kanga za shughuli. Maana yake ni sare za harusi, singo, arobaini ya mtoto, na zawadi ya mtu maalumu. Wapo waliotucheka wakisema tumejifungia soko. Hebu tupige hesabu pamoja.

Doti moja tunaiuza pauni 18. Kuinunua na kuifikisha hapa ni 9. Posta na mfuko ni 4. Makato ya soko la mtandaoni na kadi ni 2. Zinabaki 3. Ukiuza doti 24 kwa watu 24, unapata pauni 72, umefunga vifurushi 24, na umejibu ujumbe wa watu 24. Sasa familia moja ikiagiza sare ya doti 24, tunawapunguzia bei hadi pauni 16. Jumla ni 384. Ununuzi ni 216, posta ya maboksi mawili ni 20, makato ya kadi ni 8. Zinabaki pauni 140. Tumepunguza bei, na faida imekaribia kuwa mara mbili. Saa zetu za kazi hatujazihesabu hapo, na kila anayepiga hesabu ya biashara azikumbuke.

Jambo lingine, tulijifunza kuuza kabla ya kununua. Sasa tunaweka picha za kanga zikiwa zimekunjuliwa, jina linasomeka, maana imeandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwenye shughuli anachagua, analipa nusu, nasi ndipo tunaagiza kwa mfanyabiashara wetu wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, ambako maduka ya kanga yamepangana. Tunaomba wiki nane kabla ya shughuli. Asiyeweza kusubiri tunamwambia mapema kwamba hatutaweza. Mzigo ukikosekana, anarudishiwa fedha yake yote. Kwa njia hii tumejua ni majina gani yanatakiwa, bila kujaza tena chumba cha mtu.

Sheria nazo ni sehemu ya kuchagua bidhaa. Mzigo ukiingia hapa, VAT ya asilimia 20 hupigwa juu ya bei pamoja na nauli, kwa hiyo anayehesabu bei ya Kariakoo peke yake anajidanganya. Aliyenunua mtandaoni ana siku 14 tangu apokee mzigo kutoa taarifa kwamba amebadili mawazo, hivyo bidhaa inayorudishwa sana itakumaliza. Kijana anayeuza peke yake ana msamaha wa pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, lakini hizo ni mauzo yote kabla ya kutoa gharama, siyo faida. Akizidi hapo ajiandikishe HMRC kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo wa kodi kwisha. Wanaofanya ubia, kama sisi, msamaha huo hauwahusu mapato ya ubia wao. Ulizeni mapema, kuuliza ni rahisi kuliko kulipa faini.

Vijana wetu, hatuwaambii wote mkauze kanga. Tukifanya hivyo wote tutashindwa kwa pamoja. Mtandaoni kuna watu wanaouza orodha za "biashara zinazolipa". Jiulizeni: orodha ikishauzwa kwa maelfu, nani kabaki hajaisoma? Anzeni na maswali matatu. La kwanza, mnunuzi ni nani hasa, na anahitaji kitu hiki siku gani? La pili, tunajua nini ambacho muuzaji mkubwa hakijui? La tatu, baada ya nauli, makato na mzigo unaorudi, kinabaki nini? Binti anayejua kusuka asiseme anafanya biashara ya nywele, maana uwanja huo hauna mwisho. Aangalie mama zetu wanavyohangaika na nywele za watoto wanaokwenda kuogelea na shule kila wiki. Hapo kuna mtu, kuna siku, na kuna ujuzi. Na atakayeshindwa kujibu swali mojawapo asiguse upatu, wala asikope.

Hatujatajirika. Januari na Februari oda ni za kuhesabu kwa vidole, na bado kila mmoja wetu ana kazi yake nyingine. Ila leo tunaweza kusimama hapa mbele yenu na kusema kwamba kila mama aliyetoa pauni 100 amerudishiwa pauni 100 zake, na duka linajiendesha kwa fedha yake lenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuipigia hesabu. Vijana waliofunga ile kanga nyekundu sasa hawafungi mzigo bila kusoma jina kwa sauti. Wasipoelewa wanampigia bibi Tanga au Unguja, na simu iliyokuwa ya dakika mbili za "shikamoo" na "nipe mama" imekuwa ya nusu saa. Bibi mmoja ametuambia kwamba sasa wajukuu zake wanamtafuta wao wenyewe.

Wazee wetu walipopata Uhuru mwaka 1961 waliambiwa Uhuru na Kazi. Nasi kazi yetu huku ugenini tuifanye kwa hesabu, na kwa vitu tunavyovijua. Mwenye wazo lake la biashara aje na daftari, tukae naye kwenye meza ile ya karibu na mlango baada ya chakula. Tutampigia hesabu bure, na tutamwambia ukweli.

 Heri ya Sikukuu ya Uhuru.