Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za utalii. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Sina kampuni wala hema la kukodisha. Lakini nilipomaliza kidato cha sita, nikingoja kwenda Chuo Kikuu, nilibeba mizigo ya wageni katika mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Nilikuwa mpagazi, au "mgumu", kama tunavyoitwa mlimani.

Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Njia ya Machame haina. Mgeni hulala hemani tangu usiku wa kwanza mpaka ashuke. Wageni wengi wa wakati wangu walitaka mambo matatu tu: hema lisilovuja, chai ya moto, na mtu wa kuwaonyesha njia. Walilala juu ya godoro jembamba na kutumia choo cha shimo kama sisi.

Leo mahitaji yamebadilika. Kabla hajalipa, mgeni huuliza kama kuna hema la kulia chakula lenye meza na viti, hema la kulala analoweza kusimama wima ndani yake, na choo cha kubebeka. Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mgeni wa leo hupenda jamaa zake wamwone angali mlimani.

Siwalaumu wageni. Anayelipa ana haki ya kuchagua, na biashara isiyomsikiliza mteja hufa. Tena mahitaji haya yameongeza ajira: mtu wa choo, mhudumu wa meza, mpishi ajuaye kumlisha asiyekula nyama.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, njia ya Machame haina gari. Kila kiti na kila meza hupanda kwa kichwa cha mtu. Kambi ya Barafu, iliyo karibu mita 4,600, haina maji. Hubebwa kutoka bonde la Karanga. Beseni moja la kunawa ni jasho la mtu.

Nakumbuka kundi la kwanza nililoliona likitaka viti. Vilikuwa vinne. Msimamizi wetu hakuongeza mpagazi. Alivifunga juu ya mizigo tuliyokuwa nayo. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilitaka nauli ya kwenda Dar es Salaam. Nyuma yangu alikuwapo kijana mdogo kuliko mimi. Aliona msomi amekubali, naye akakubali. Katika ukuta wa Barranco aliteleza akaumia goti. Aliteremshwa, na siku zilizobaki hakulipwa. Jioni ile wageni walikaa vitini wakala, wala hawakujua. Tungewaambia, naamini wangekaa chini.

Siku hizi kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na mizani ipo getini. Tena wapo wageni wanaouliza, kabla ya kuchagua kampuni, wapagazi wanalipwa nini, wanakula nini na wanalala wapi. Hilo nalo ni hitaji la mteja, na mfanyabiashara mwenye akili atalisikiliza kama anavyosikiliza habari za viti.

Vijana, baadhi yenu mtamiliki makampuni, wengine mtasimama penye mizani, na wengine mtabeba. Msione aibu kubeba. Oneni aibu kunyamaza. Mgeni akiomba kiti, mpeni, lakini kwanza ulizeni nani atakibeba, na je, ameongezwa mtu na malipo?

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpagazi naye ni mwenyeji.