Je, Mgonjwa Alipona?



Tumezoea kuipima zahanati kwa macho: paa jipya, rangi ukutani, urefu wa foleni. Daftari la wagonjwa nalo hutueleza ni wangapi waliofika na dawa walizoandikiwa. Lakini mtoto aliyepewa dawa mseto siku ya Jumatatu hapa Tunduru mjini, Alhamisi alikuwa akicheza uani au bado amelala mkekani? Daftari halijui. Mama yake anajua.

Serikali imejitahidi kupima. Mwaka 2015/16 vituo vya ngazi ya msingi karibu 7,000 vilikaguliwa na kupewa nyota, na asilimia 34 havikupata hata moja. Katika ukaguzi wa 2017/18 asilimia hiyo ilishuka hadi 4. Tunashukuru, wakati mwingine aibu huzaa matunda. Hata hivyo, nyota hupima zaidi utayari wa kituo, na utayari si kupona.

Tuwatazame wenzetu wa Rufiji na Morogoro Vijijini, ambako mradi wa TEHIP ulifanya kazi tangu miaka ya 1990 hadi 2004. Wahesabuji hawakungoja wagonjwa waje. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, na kwa maradhi gani. Ikadhihirika kwamba fedha za wilaya hazikuelekezwa kwenye maradhi yaliyoua wengi, hasa malaria na maradhi ya watoto wadogo. Mipango ikarekebishwa, kwa nyongeza isiyofika dola 1 ya Marekani kwa mtu kwa mwaka, na katika miaka kama 5 vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatudai kwamba mipango peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Vyandarua navyo vilisaidia.

Kule ni mashambani. Mjini kuna ugumu wake: mgonjwa huanzia duka la dawa, akaenda zahanati, akaishia hospitali ya wilaya, na pote watatu hao wasijue mwisho wake ulikuwaje.

Sisi hukutana majumbani kila juma. Basi tuulize: Je, mgonjwa alipata dawa zote, au alitumwa kununua dukani? Alirudi kituoni mara ngapi? Alipona? Jina la ugonjwa tusiliulize. Hiyo ni siri yake. Wala tusiishie kwa Wakatoliki, kwani majirani zetu wengi hapa ni Waislamu, na homa haichagui dini. Majibu, bila majina ya watu, tuyafikishe kwenye kamati ya kituo, ambamo wananchi wana wajumbe wao.

Tusiende kama mahakimu. Muuguzi anayekesha zamu peke yake huenda akawa wa kwanza kufurahi kwamba yupo aliyeuliza. Tunapendekeza kuanza na mtaa mmoja, kwa miezi mitatu, kabla mvua za Desemba hazijaanza.