Risiti Ni Ngao: Mazungumzo juu ya Kodi kwa Wafanyabiashara Wadogo

(Maneno yaliyotolewa Bunia mbele ya familia zilizokimbia vita, wafanyabiashara wa soko na viongozi wao)



Leo tuzungumze juu ya kodi, kwa sababu inatugombanisha sokoni. Wenyeji wanasema: "Hawa waliokimbia wanauza bila kulipa." Sisi tuliokimbia tunajibu: "Tunatozwa kila siku." Ugomvi huo hauishi kwa sababu hakuna anayeonyesha karatasi.

Nilipofika hapa na watoto, niliuza chumvi na mafuta ya mawese. Wanaume wawili walipita kila asubuhi kuchukua franga, bila risiti. Siku watumishi wenye barua ya kazi walipofika, sikuwa na cha kuonyesha. Nikalipa mara ya pili. Tangu hapo kila risiti naibandika kwenye daftari.

Ndugu zangu, tutofautishe mambo matatu.

Kwanza, pesa ya meza sokoni. Hiyo ni ya mahali unapouzia.

Pili, patenti. Ni ruhusa ya biashara ndogo kwa mtu asiyeandikwa RCCM, yaani kitabu cha wafanyabiashara. Sheria ya mwaka 1979 iliweka biashara ndogo kwa ajili ya Wakongomani. Aliyekimbia kijiji chake hakupoteza uraia. Naye ana haki ya patenti.

Tatu, kodi ya mapato, inayoshughulikiwa na DGI. Sheria ya Februari 2013 ilipanga hivi: anayeuza chini ya franga milioni 10 kwa mwaka alipe franga 50.000 kwa mwaka. Anayefika kati ya milioni 10 na 80 alipe asilimia 1 ya mauzo ya bidhaa, au asilimia 2 kwa kazi za huduma. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni DGI kiwango cha mwaka huu kabla ya kulipa.

Mkiungana kuunda kampuni, fahamuni kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ina namba yake ya kodi na tangazo lake la mapato, hata mwaka wa hasara. Pesa yake si ya kununua unga wa nyumbani. Na mshahara unaojilipa una kodi yake pia.

Kuna jambo wengi wetu tunalisahau. Duka lako likichomwa ukakimbia, jina lako bado liko ofisini. Ukinyamaza, faini zinaongezeka. Nenda ukaeleze kwa barua kwamba kazi imesimama, ubaki na nakala yenye muhuri.

Kwenu viongozi: Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria, na pia kwamba kuchangia mzigo wa taifa ni wajibu wa kila aishiye Kongo. Maneno hayo yanawahusu wenyeji na wageni sawasawa. Bandikeni bei za kodi mlangoni pa soko, wenyeji na waliokimbia wazisome pamoja. Mtozaji asiye na barua ya kazi wala risiti, msimwachie mama mmoja apambane naye peke yake.

Wiki hii kila mmoja anunue daftari moja. Jirani akikuuliza kama umelipa, usikasirike. Fungua daftari umwonyeshe, naye akufungulie lake.