Mlango Uliorudishwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu faraghani na hadharani.

Leo tutazungumza juu ya wizi wa majumbani: ni kitendo gani hasa kinachohesabiwa kuwa ni kuvunja nyumba? Twauliza kwa sababu mbili. Yuko kijana anayedhani kwamba mlango usiotiwa kufuli ni ruhusa ya kuingia. Na wako watu ambao, wakisikia ukelele wa "Mwizi! Mwizi!", hushika mawe kabla ya kujua aliyekamatwa amefanya nini. Wote hao wameupita mpaka.

Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyeji. Ikiwa hamna mtu ndani, wasiingie. Wakiambiwa warudi, warudi. Basi tazameni: heshima ya nyumba haikufungamanishwa na uimara wa komeo, bali na idhini ya mwenyewe. Mlango uliorudishwa tu, bila ya ufunguo, umekwisha kusema "hodi kwanza".

Sheria ya serikali nayo imeligusa jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu vya 303 na 304, haisemi kwamba kuvunja ni kubomoa ukuta peke yake. Anayefungua mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta au kuinua amevunja. Anayeingia kwa hila, au kwa kula njama na mtu aliyemo ndani, naye amevunja. Na kuingia kumetimia pindi sehemu yoyote ya mwili wake, au ya chombo anachokitumia, ikiwa ndani. Basi yule anayepitisha ufito wenye ngoe katika nondo za dirisha ili avue nguo za watu waliolala, asijidanganye kwamba yeye alisimama nje. Tena, akivunja na kuingia mahali wanapokaa watu kwa nia ya kutenda kosa kubwa la jinai humo, kosa limetimia hata kama hakuchukua kitu. Kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Na ikiwa ni usiku, yaani baina ya saa 12 na nusu jioni na saa 12 na nusu asubuhi, chaweza kufika miaka 10.

Huyo mwenye ngoe si mgeni katika dini yetu. Katika hadithi ya Sala ya Kupatwa kwa Jua, iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Jabir, Bwana Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba alimwona Motoni mtu aliyekuwa akiwaibia mahujaji kwa fimbo yake yenye ngoe. Akigunduliwa, husema kwamba kitu kimenasa tu. Asipogunduliwa, huondoka nacho.

Ama wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, wao wameweka masharti mazito kabla ya haddi ya wizi kuthibiti. Mali iwe imefikia robo ya dinari ya dhahabu, kiasi cha gramu moja hivi. Iwe imetolewa kwa siri kutoka katika hirzi, yaani mahali pa hifadhi kwa mujibu wa desturi. Na pasiwe na shubha, yaani shaka. Nyumba iliyo kati ya majumba, mlango wake umefungwa na ndani yumo mtu, hata akiwa usingizini, ni hirzi. Ukiachwa wazi na mwenyewe amelala, si hirzi. Mgeni aliyekaribishwa chumbani akaiba humo ni mhaini, wala haddi haimpati.

Lakini sikilizeni vizuri, enyi vijana na wanafunzi. Kukosekana kwa sharti la haddi hakukuifanya mali kuwa halali. Dhambi ingalipo, kurudisha mali ni wajibu, na hakimu anaweza kumtia adabu mkosaji. Haddi imebanwa ili asiadhibiwe mtu kwa dhana. Haramu haikubanwa hivyo.

Hapa ndipo ninapowageukia wenye mawe mikononi. Ikiwa wanazuoni wamepima kiasi cha mali, mlango, siri na shaka, je, umati wa barabarani umepima nini? Abu Daud amepokea kwamba aliletwa kwa Bwana Mtume (S.A.W.) mwizi aliyekiri, wala hakukutwa na kitu. Mtume akamrudishia mara mbili au tatu kwamba hamdhanii kuwa ameiba. Hukumu haikupita ila baada ya mtu huyo kushikilia kukiri kwake. Huyo alikuwa mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Sembuse sisi, kumwua mtu kwa sababu amekimbia?

Na ijulikane kwamba hata Kadhi wa Kenya hana mamlaka juu ya wizi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Basi aliyekamatwa nyumbani mwako mzuie, piga kelele upate msaada, mkabidhi kwa polisi, useme uliyoyaona, usizidishe. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kupiga hodi hata kwa jirani wa ukuta mmoja. Anayezoea kungoja jibu mlangoni, mlango uliorudishwa hautamshawishi.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu, zilinde mali zetu na haramu, na uizuie mikono yetu isimwage damu pasipo haki. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.